Mshipa Aliozaliwa Nao

Mume wangu ni mchora mabango, na kwa miaka arobaini ya ndoa nilikuwa sijamwona akikosea herufi. Kwa hiyo aliposhuka ngazi pale nje ya duka la dawa, nami nikasoma juu "DUKA LA DAA", nilijua kuna jambo. Nikamuuliza W imekwenda wapi. Akafungua mdomo, neno halikutoka. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu. Baada ya dakika kumi akawa mzima, eti ananiuliza mbona nimemkodolea macho.

Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule kupatwa hivyo. Binti yetu alisema ni uzee. Mimi nilisema ni kiharusi kinapiga hodi, nikaanza kumuaga kimoyomoyo, huku namfokea ili asijue.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Daktari, mwanamke asiye na haraka, akatuonyesha upande wa kushoto: mshipa uliopaswa kuwa mmoja mnene ulikuwa vijishipa vyembamba vilivyosongamana kama mizizi ya kitunguu.

"Umezaliwa nao hivi, mzee. Ni nadra sana. Ujanani haukukusumbua, lakini sasa presha ikishuka mno, upande huu unakosa damu. Vidonge vya presha unameza vingapi?"

"Viwili."

"Mbona umeandikiwa kimoja?"

"Kimoja nameza mwenyewe nikiamka. Cha pili ananipa mama watoto na chai."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi nilidhani anasahau!

"Kwa nini hukuniambia umeshameza?"

"Nikuambie wewe? Ungesema nimeanza ubishi."

Daktari alijikaza asicheke, akashindwa. Kidonge kimoja tu, akasema, maji ya kutosha, ngazi wapande wengine, na arudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Ubongo haujaumia, na hakuna haja ya kupasuliwa.

Tukatoka hadi kwenye korido. Nikakaa kwenye benchi nikalia kwikwi mbele za watu, kwa furaha, maana nilikuwa nimeshamzika mtu aliye hai. Yeye akasimama ananipepea na bahasha ya picha zake.

"Kuanzia leo," nikamwambia, "uwe unabishana na mimi."

"Sawa, mama watoto."

"Usiseme sawa!"

Akaacha kunipepea.

"Sitaki," akasema, na sijasikia neno tamu kama hilo tangu siku aliyonichumbia.