Chumvi Uwanjani

“Kyule, hayo maji unamnywesha nani?”

Kaveke alikuwa amesimama nje ya ua wa waya, mtungi mtupu mkononi. Ndani, mwanawe alikuwa akitembea kinyumenyume na debe lililotobolewa matundu, akilowesha uwanja wa tenisi.

“Uwanja, mwaitu,” alijibu bila kumtazama mama yake.

“Uwanja una kiu?”

“Ukikauka unapasuka. Ukipasuka, mpira unaruka ovyo.”

“Mimi pia nimepasuka,” Kaveke alisema, akainua mguu amwonyeshe kisigino. “Na hakuna mtu amenimwagilia.”

Wanawake waliopanga foleni kwenye kioski cha maji cha kanisa walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Mtoni, watu walichimba mchanga mpaka mchimbaji akiingia kisimani haonekani hata kichwa. Na hapa Kwa Vonza, mbele ya macho yao, mwanamume mzima mwenye afya alikuwa akimwagia maji ardhi isiyopandwa kitu.

Kyule aliwaona, na aliona haya, lakini hangewaonyesha. Chama cha tenisi kilikuwa kinakuja Jumatatu. Kilitaka kituo kimoja cha mafunzo kwa kaunti mbili, Kitui na Makueni, na viwanja vilivyobaki kwenye mashindano vilikuwa viwili: huu wake, na ule wa saruji wa Kibwezi. Kituo kikija hapa, Kyule angekuwa kocha wa kuajiriwa, mwenye mipira mipya na wachezaji wanaosafirishwa kwenda mashindanoni. Kikienda Kibwezi, angerudi Nairobi kuwarushia mipira mawakili wenye vitambi, wanaomwita “kijana” ilhali amewapita kwa kila kitu isipokuwa pesa.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Aliingia klabu moja ya Nairobi akiwa mtoto wa kuokota mipira, akajifunza kwa kutazama, akawa anawashinda wenye klabu, kisha akaambiwa asiwashinde sana. Alisomea ukocha, akapata cheti, na siku alipokipata akafunga mzigo. Aliapa kwamba atarudi kwao na kutengeneza wachezaji kutokana na udongo, na ni udongo kweli aliotumia. Alibomoa vichuguu vilivyoachwa na mchwa, akaponda ule udongo mwekundu, akauchekecha, akaushindilia kwa pipa alilolijaza zege. Watu walidhani anajenga nyumba. Walipoona mistari ya chokaa, walidhani amerogwa. Sasa alikuwa na darasa la watoto, na kati yao Mumbua, msichana wa darasa la nane aliyepiga mpira kana kwamba umemtukana.

Jioni ile Mchungaji Ndolo alimwita. Kiwanja kilikuwa cha kanisa, na tangi pia.

“Kocha, kiwanja hatukunyang’anyi,” mchungaji alisema. “Lakini hii maji ni ya watu. Kutoka kesho hata kikombe, hapana.”

“Chama kinakuja Jumatatu, Mchungaji.”

“Na njaa ilikuja mwaka jana. Haikungoja barua.”

Kyule alirudi nyumbani akiwa amekunja ngumi. Hakumwomba mtu ushauri, maana kumwomba mtu wa pale ushauri kuhusu tenisi kulikuwa sawa na kumwomba kuku ushauri kuhusu kuogelea. Ndipo akakumbuka kitu. Kule klabuni, mzee aliyetunza viwanja vya udongo alikuwa akinyunyiza chumvi wakati wa kiangazi. Chumvi huvuta umande na kuushika, uwanja ukabaki na unyevu kwa maji kidogo sana. Asubuhi alikwenda dukani kwa Evanson Muchiri, aliyehamia kutoka Murang’a na kuuza mbegu, dawa za mifugo na kila kitu cha shambani.

“Chumvi ya mezani kwa gunia?” Muchiri alishangaa. “Unaoa, kocha?”

“Nataka nyingi.”

“Basi hiyo itakumaliza. Chukua ile ya ng’ombe, ni rahisi mara tatu.” Muchiri alipiga gunia kofi. “Una ng’ombe wangapi siku hizi?”

“Wa kutosha.”

“Kiangazi hiki? Wewe ni tajiri na unatuficha.”

Kyule alibeba gunia akaondoka. Angeweza kusema ni ya nini. Neno moja tu, na Muchiri, au mteja yeyote pale dukani, angemwambia kilichokuwa wazi kwa kila mtu. Lakini hakutaka kuchekwa mara mbili kwa wiki moja.

Na chumvi ilifanya kazi. Siku tatu mfululizo watoto waliinyunyiza na kuishindilia, na kila alfajiri umande ulishuka na kukaa. Uwanja uligeuka mwekundu wa kukolea, mgumu na laini kwa pamoja, bila tone la tangi la kanisa. Jumamosi Mumbua alipiga mpira wa kuanzia, ukagonga kona na kupanda ulivyotakiwa kupanda.

“Kocha, nani alikuonyesha hii maneno?” aliuliza.

“Kichwa changu.”

“Basi kichwa yako utukopeshe kwa mtihani.”

Kyule alicheka, jambo ambalo wanafunzi wake hawakulizoea.

Jumapili alikwenda kanisani amevaa shati jeupe. Mchungaji Ndolo, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo, alimsimamisha mbele ya watu na kuuombea uwanja. Waliomba kwa sauti, kila mtu kwa maneno yake, jinsi wanavyoomba pale. Kaveke aliomba akilia. Katikati ya maombi Kyule alisikia njuga za ng’ombe zikipita nje. Hakushtuka, kwa kuwa kiangazi kile ng’ombe walipita kila mahali wakitafuta chochote. Walikuwa wanakula hata katoni.

Alipotoka, alikuta nguzo za ua zimelala. Kundi zima la Mzee Kilonzo, mfugaji wa hapo kijijini, lilikuwa uwanjani, na ng’ombe wa majirani nyuma yake, mbavu zikihesabika. Hawakuwa wanapita. Walikuwa wamepiga magoti ya mbele, wanalamba. Palipolambwa pakaisha, walichimba kwa kwato na kulamba tena. Mmoja alikuwa amejifunga wavu shingoni na kuendelea kula.

Kyule alikimbia akipiga kelele, akawachapa kwa raketi mpaka nyuzi zikakatika. Ng’ombe walisogea hatua chache, wakarudi.

Mzee Kilonzo alifika anahema. Aliinama, akachovya kidole kwenye udongo, akakitia mdomoni.

“Hii ni ile ya Muchiri,” alisema polepole. “Uliweka chumvi ya ng’ombe chini, kiangazi kama hii, na ukaenda kanisani?”

“Ng’ombe wako wameniua, mzee.”

“Mimi naweza kulipa waya. Lakini hao uliwaita wewe.” Alimtazama kwa huruma iliyouma kuliko tusi. “Wewe ni mtoto wa Mkamba. Baba yako alichunga na mimi. Hungeuliza hata mtoto?”



Bado kulikuwa na mchana mzima. Udongo uliochimbwa ungeweza kusawazishwa na kushindiliwa upya, lakini si mkavu. Ungehitaji maji, tena mengi. Kyule alikwenda kwenye kioski, akasimama mbele ya foleni, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Nairobi aliomba.

“Mama zangu, naomba mnisaidie maji. Ya leo tu.”

Walitazama mitungi yao. Hawakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja. Mwishowe jirani yao Kaluki, mwenye mtoto mgongoni, alisema, “Kocha, sisi tumepewa mtungi mmoja kwa nyumba. Nikikupa, huyu nitamwosha na nini?”

Kaveke aliusukuma mtungi wake uliojaa kwa mguu mpaka ukafika mbele ya mwanawe. Kyule aliutazama, kisha akautazama uwanja ulivyo mkubwa. Aliubeba mtungi ule hadi nyumbani, akaumimina kwenye pipa la mama yake.

Jumatatu mjumbe wa chama alikuja, mwanamke kijana aitwaye Cheryl, mwenye adabu na viatu vyeupe. Alitembea kutoka mstari wa nyuma hadi kwenye nguzo za wavu. Kiatu chake kilizama kwenye tundu la kwato.

“Mumbua, hebu piga,” Kyule alisema.

Mumbua alipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga. Mpira ulianguka ndani ya shimo ukafia hapo. Alipiga wa pili, ukaruka pembeni. Kabla ya wa tatu, Cheryl aliinua mkono.

“Huyu ana kipaji,” alimwambia Kyule. “Mlete Kibwezi. Kituo kitafunguliwa mwezi ujao.”

“Kibwezi atafikaje kila siku, madam?”

Cheryl alifikiri kwa uaminifu, kisha akakubali kwamba hajui.

“Na kocha?” Kyule aliuliza.

“Wana kocha wao. Lakini nitaandika kwamba ulijitahidi.”

Gari lake lilipoondoka, Mumbua alianza kuufungua wavu uliochanika. Kyule alimsaidia kuukunja. Msichana aliuliza kama kesho waje saa ileile. Kyule aliendelea kukunja, na Mumbua hakurudia swali. Alivaa mkoba wake wa shule akaenda zake.

Jua lilipoinama, njuga zilisikika tena. Mzee Kilonzo alikuwa akiwazuia ng’ombe wake kwa fimbo mbali na ua, akitukana kwa Kikamba, lakini walikuwa wameshaonja na hawakuzuilika. Mmoja alikuwa tayari ameegemeza kifua kwenye waya uliosalia.

Kyule alikwenda kwenye lango, akaondoa mnyororo.

“Wapitishe hapa, mzee,” alisema. “Wataumizwa na waya.”