Swali la Kumi na Moja

Wavulana arobaini wa bweni letu la Amasya, Uturuki, walitangazwa wagonjwa Jumanne asubuhi, wakiwa na mashavu yaliyojaa.

Aliyetutangaza ni Daktari Nurcihan wa chuo kikuu, mwanamke mwenye miwani na subira. Aliandaa hojaji ya Kituruki ya kuwatambua vijana wenye matatizo ya kula, na kabla haijatumika popote alitaka kuhakikisha kwamba maswali yake yanapima kweli yanachodai kupima. Heshima ya kujaribiwa ikatuangukia sisi.

"Swali la kumi na moja linasema, 'Huwa naficha chakula,'" alisema, karatasi zetu za wiki mbili zilizopita zikiwa mkononi. "Wote arobaini mmejibu 'kila mara'. Wanangu, mna nini?"

Mlezi wa bweni, Bwana Rüştü, alikuwa amesimama mlangoni. Nikauona wajibu wangu kwa sayansi.

"Bwana Rüştü," nikamwambia kwa sauti ya mtu anayeleta taarifa ya msiba, "kuna mbuzi kwenye mawaridi yako."

Akatoka mbio. Nikafunga mlango.

"Daktari, vifurushi vya nyumbani vinanyang'anywa getini. Mlezi anasema vinaleta panya. Basi tunaficha."

Nikafungua mkoba wangu wa filimbi, nikatoa soseji ya mama. Mwenzangu wa nyuma akatoa wali uliofungwa kwa majani ya mzabibu kutoka kwenye kisanduku cha rangi. Daktari akacheka hadi akavua miwani.

"Miaka mitatu ya kazi," akasema, "imeangushwa na soseji!" Kisha akatulia. "Yupo anayeficha ili asile?"

Darasa likaangua kicheko. Mwendawazimu gani huyo? Nami nilicheka, mpaka nilipomtazama Ilgaz, mwanamieleka wetu, jirani yangu wa dawati. Alikuwa akikagua kucha zake kana kwamba zina mtihani kesho.

Tangu Machi, Ilgaz alikuwa akinipitishia kofta zake za nyama chini ya meza ya chakula, zimefungwa kwa karatasi. "Nimeshiba, kaka." Nami niliuita huo urafiki. Nilikuwa nimeongezeka kilo nne za urafiki, wala sikuwahi kujiuliza yeye amepungua ngapi.

Mchana ule, wakati wa chakula, mkono wake ukaja tena chini ya meza.

"Leo sili," nikasema.

"Wewe? Umekufa?"

"Bado. Wewe je?"

Nilitegemea anitukane. Badala yake akatazama sahani yake kama mtu anayetazama mpinzani mzito kuliko yeye.

"Kocha anataka nishuke uzito tena," akasema hatimaye. "Zamani nilikuwa najizuia. Sasa hata nikitaka, chakula hakipiti. Yule daktari ameshaondoka?"

"Yuko chumba cha walimu, anakunywa chai."

"Ukinitania huko, nakubwaga mbele ya shule nzima."

"Nibwage."

Tukaondoka pamoja. Korido ya kwenda huko ni ndefu, na njiani nilipata vichekesho sita, kimoja kizuri sana. Nikavimeza vyote.

Mlangoni Ilgaz alinyoosha shati, akagonga. Aligonga kwa upole mno, hata mimi niliyekuwa begani kwake sikusikia. Mkono wangu ukainuka wenyewe kumsaidia. Nikaushusha, nikauweka mfukoni, nikasubiri agonge tena.