Kihenge Chenye Tumbo Tupu

Tangu asubuhi mashine ya kusaga ilinguruma bure. Kihenge, lile tangi la bati refu kuliko paa la kinu, kilijaa mahindi mpaka juu, lakini kwenye mdomo wa chini haikutoka hata punje.

"Yamegoma," msimamizi alisema, akamgeukia mpakiaji mmoja. "Panda, ingia humo uyakanyage. Chukua na ule mti mrefu."

Mpakiaji akaushika mti. Dada yake, mfagiaji wa kinu, akaacha kufagia. Miaka mitatu alikuwa akikizunguka kihenge kile na ufagio wake, hakuna mlio wake asioujua. Akagonga bati kwa mpini, chini: ngoo. Akapanda ngazi hatua sita, akagonga tena: ngoo. Hatua nne zaidi ndipo lilipolia: du.

"Chini ni patupu, bosi," alisema akishuka. "Mahindi haya yaliingia hayajakauka. Yameshikana mabega huko juu, yamekuwa dari. Mtu akikanyaga, dari inaachia, naye anakwenda nayo."

"Mambo ya mahindi umesomea wapi wewe?"

"Darasa la saba, na ufagio."

Wapakiaji wakacheka. Msimamizi hakucheka. "Mwezi uliopita mwenzenu aliingia, akatoka."

"Alitolewa. Tulimvuta kwa kamba, mpaka leo anakohoa vumbi, na wewe ukasema ni mzembe." Akamwonyesha ngazi kwa mpini wa ufagio. "Kama ni salama, tangulia wewe. Kaka atakufuata."

Msimamizi akaiendea ngazi. Akaweka mguu, akatazama juu, akaushusha.

"Goti hili linanisumbua siku hizi."

"Ya kaka yangu ni mazima. Ndiyo maana unayataka."

Mpakiaji akapanda, lakini hakuingia. Alijishikiza kwenye ngazi kwa mkono mmoja, akayachokoza mahindi kutokea mlango wa juu. Mara ya tatu kihenge kizima kikatikisika. Mti ukamponyoka kama kamba ya ng'ombe mkali, vumbi likafoka mlangoni, na kule chini mahindi yakaanza kumiminika.

Akashuka mweupe kichwa kizima, kiganja kinamvuja damu. Dada yake akamfuta uso kwa kanga.

Msimamizi alikuwa akiitazama mikono mitupu ya mpakiaji. "Mti wa kampuni uko wapi?"

"Uko pale ulipomtuma kaka yangu," mfagiaji akamjibu. "Ingia ukauchukue."