Wiki Kumi na Nne Bila Lifti

Kila mteja aliyepanda kuitazama nyumba ya Lajos Bodnar aliambiwa mambo mawili. Dalali alimwambia kwamba jua linaingia vyumba vyote toka asubuhi hadi jioni. Lajos alimwambia kwamba bodi ya jengo ilimuua mke wake.

Mwezi wa nane sasa nyumba haijapata mtu. Nyumba ya juu kabisa, ghorofa ya kumi na nne, upande wa mashariki wa Manhattan, baraza lake linatazama mto! Nyumba za namna hiyo huko watu wanazigombania. Hii wateja walikuwa wanaikimbia.

"Mzee Bodnar, nakuomba," alisema Tamsin, dalali, akipanga maua mezani ambayo hakuna aliyemwomba alete. "Leo kaa jikoni. Kunywa kahawa yako, unyamaze."

"Kahawa daktari kanikataza."

"Basi kunywa maji. Ila mdomo ufunge."

Si kwamba Lajos hakutaka kuuza. Binti yake Agi, aliyeolewa Pennsylvania, alikuwa ameshampakia rangi chumba cha chini na kumnunulia kitanda kifupi asije akaanguka. Na humu ndani Lajos alikuwa halali tena. Chumbani kulikuwa na dirisha, na dirishani kulikuwa na alama nne za miguu ya kiti kwenye mbao za sakafu, mahali mkewe Piroska alipokaa majira yake ya baridi ya mwisho akitazama watu wanavyopita chini wadogo kama mbegu. Lajos alikuwa analala jikoni, ameegemea meza. Akikaa hapa mwaka mwingine atamfuata mkewe, na hilo Agi alimwambia waziwazi.

Lakini afunge mdomo? Watu wa bodi wasitajwe?

Yeye na Piroska walipohamia humu hapakuwa na bodi wala maua kwenye ukumbi wa chini. Lajos alikuwa na bucha Barabara ya Pili, anauza soseji za pilipili kwa Wahungari wenzake, na nyumba ya juu ilikuwa ya wapangaji wasio na kitu, kwa sababu paa la lami lilikuwa linawachoma kama mkate. Mwenye jengo alipoligeuza kuwa la ushirika, kila mpangaji aliuziwa nyumba yake kwa hesabu ya hisa, kwa bei ya huruma, na Piroska alisema tununue. Yeye ndiye aliyesoma mikataba, kurasa zote. Lajos aliacha shule ana miaka kumi na moja. Alisaini pale mkewe alipoweka kidole.

Baadaye wakaja wenye pesa, wanasheria na watu wa benki, wakashika bodi, kamati inayoendesha jengo. Bodi ikaanza kuamua nani anafaa kununua, nani afuge mbwa wa ukubwa gani, nguo zianikwe wapi. Halafu ikaamua lifti. Jengo lina lifti mbili, ya watu na ya mizigo, zote kuukuu. Bwana Carrick, mwenyekiti, akataka zivunjwe zote mbili kwa pamoja na kuwekwa mpya, mwezi wa kwanza, kazi iishe upesi. Wiki kumi na nne. Piroska moyo wake ulikuwa umeshachoka. Ngazi za ghorofa kumi na nne angezishuka vipi? Walipokuja vijana wa kumbeba kwa kiti kumpeleka kliniki, alikataa. "Mimi si jokofu," alisema. Alikosa kliniki mara tatu. Wiki ya kumi na moja akafa, hajakanyaga barabara toka sikukuu ya Noeli. Tangu siku hiyo Lajos hajamjibu Carrick salamu.

Wateja wa siku hiyo walikuwa mtu na mkewe, wazee. Bi Winokur alikuwa daktari wa meno mstaafu, mwanamke mwenye macho ya kukagua. Mumewe Saul alitembea kwa fimbo, akasimama barazani akitazama mto na kusema, "Hapa nikifa nitachelewa kujua." Mkewe akamwambia afunge koti.

Kisha Bi Winokur akaingia jikoni moja kwa moja. Tamsin akamfuata mbio.

"Bwana Bodnar, samahani. Mume wangu magoti yake mabovu. Nataka kujua habari za lifti."

"Lifti ni mpya kabisa," Tamsin alidakia.

"Nimemuuliza yeye, mwanangu."

Lajos akasimama. "Lifti hizo zilimuua mke wangu. Andika hilo kwenye daftari lako. Bodi walimfungia juu hapa kama kuku. Carrick na wenzake. Watu wanaojua kusoma!"

Tamsin akafumba macho.

Bi Winokur hakukimbia. Alivaa miwani. "Pole sana, baba. Wakili wangu amesoma kumbukumbu za mikutano ya jengo, miaka mitatu yote, ndivyo tunavyofanya kabla ya kununua. Kwa hiyo maneno yako yamenishangaza kidogo." Akafungua karatasi. "Siku ya kuamua habari ya lifti, wenye hisa wote walipiga kura: zivunjwe zote kwa pamoja, au moja moja kwa mwaka mzima. Kura zilikaribiana sana. Kura zinahesabiwa kwa hisa, na nyumba ya juu ndiyo yenye hisa nyingi kuliko zote."

"Sikwenda mkutanoni. Mke wangu alikuwa mgonjwa."

"Hapa wameandika umempa mwenyekiti kura yako. Akachagua zote kwa pamoja."

"Uongo!"

"Saini ipo, wakili ameiona; hukutia alama popote, na hapo mwenyekiti ndiye anayekuchagulia. Bila hisa zako wangeshindwa."

Lajos alikaa chini. Hakuitafuta kumbukumbu, ilikuja yenyewe. Fermin, bawabu, anampa karatasi ukumbini: mzee, saini hapa, wasije wakakosa akidi ya mkutano. Visanduku viwili chini, na yeye hakutia alama kwenye hata kimoja. Alipanda nayo nyumbani kuchukua kalamu. Piroska alikuwa kitandani, akanyoosha mkono.

"Karatasi gani hiyo, baba Agi? Lete nikusomee."

"Ya mahudhurio tu. Usijichoshe. Lala."

Hakutaka kumsumbua. Basi.

"Wangeniuliza kwa mdomo," alisema Lajos sasa. "Carrick alijua mimi sisomi makaratasi. Alijua mke wangu anaumwa. Alichukua kura yangu akijua."

"Inawezekana," alisema Bi Winokur taratibu.

Saul akaingia akigonga fimbo. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mke wake," alisema Bi Winokur.

"Aa. Pole, ndugu yangu. Alikuwa anaumwa nini?"

Lajos alifungua mdomo. Yale maneno aliyowaambia wateja miezi minane yalikuwa tayari, lakini hayakutoka.

"Moyo," alisema.

Jioni Tamsin alipiga simu akicheka: wameitaka, na bodi haitawakataa, kwani Bi Winokur ndiye aliyemng'oa Carrick magego. "Umeona mzee? Ukinyamaza inauzika!" Lajos akakata simu bila kuaga.

Akampigia Agi.

"Baba! Kweli imeuzika? Nije Jumamosi na gari?" Agi alikuwa analia na kucheka. "Si uliapa hutoki humo mpaka Carrick akuombe radhi?"

"Hajaniomba."

"Umemsamehe?"

"Yule? Hata kaburini simsamehe." Akahamishia simu sikio la pili. "Agi, mama yako alitaka kunisomea karatasi."

"Karatasi gani, baba?"

"Kaa kwanza," alisema Lajos. "Umekaa?"