Uwanja Uleule

Baba alikuwa mtunza ghala wa hospitali hadi alipostaafu, na mpaka leo ukimhamishia kopo la chumvi anakununia kutwa nzima. Kwa hiyo aliponiomba nimpangie mafaili ya programu yake ya kurusha ndege kwenye kompyuta, nilimcheka. Nikamwambia kweli kinyozi hajinyoi.

"Cheka tu," alisema, akichukua funguo za gari. "Kila nikitaka kutua, majengo yanaota katikati ya njia. Hebu kaa uangalie. Mimi namfuata Kidoti shuleni."

Kidoti ni binti yangu, yuko darasa la kwanza. Babu yake ndiye humpeleka na kumrudisha.

Mandhari za nyongeza hupakuliwa moja moja, uwanja huu na taa zake, mji ule na daraja lake, kila moja na folda yake. Zikiingia mbili za mahali pamoja, programu huzipanga zote juu kwa juu, na hapo ndipo nyumba huota kwenye lami. Nilitegemea kukuta mbili.

Nilikuta folda imeandikwa "Uwanja wa kisiwani, mpya". Chini yake, "Kisiwani, mpya kabisa". Kisha, "Uwanja mzuri, nijaribu". Nikafungua moja baada ya nyingine. Uwanja uleule, faili zilezile. Kadiri nilivyoshuka ndivyo zilivyozidi kuja. Mwanzoni niliguna, mzee na tamaa yake. Halafu nikaona tarehe. Jana peke yake alikuwa ameupakua asubuhi, mchana na jioni. Ndipo nikaelewa kwamba kila mara baba alikuwa akiuona uwanja huo kwa mara ya kwanza.

Nikainuka kitini. Huyo ndiye yuko barabarani na mwanangu.

Nilimpigia simu, ikaita palepale mezani, kando ya kikombe chake. Nikapiga shuleni, wakasema wametoka zamani. Shule yenyewe hata chai haipoi kabla hujafika. Nikatoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Nikamlaani baba, kisha nikamwomba Mungu ajifanye hakunisikia.

Hatimaye gari likaja polepole, likapanda ukingo, likasimama. Kidoti akashuka anacheka. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

"Mbona mmechelewa hivi?"

"Nilikosea kona, mama. Nilimwambia babu kulia, kumbe kushoto."

"Wewe ndiye unamwambia pa kupita?"

"Kila siku! Yeye rubani, mimi namwongoza. Anasema, 'Niongoze, nashuka.'"

"Na akija peke yake kukuchukua?"

"Mlinzi wa shule hutoka barabarani kumpungia."

Baba alikuwa bado ameshika usukani. Nilifungua mlango wake nikiwa na maneno tele mdomoni, yeye akaniwahi.

"Umeziona hizo folda?"

"Nimeziona, baba."

"Nilitaka uzione mwenyewe. Kukwambia nilishindwa. Nilijua nikisema tu, mtoto hutaniachia tena."

Akazima gari, akaniwekea funguo kiganjani.

"Naogopa, mwanangu," alisema.

Nikamwambia hata mimi.