Miaka Iliyoishia Kisiginoni

Mudathir alitoka dukani kununua bando, akaingia bafuni kwa shangazi yake, Bi Mwamvita, pale Tandika, akachungulia ndoo. Asubuhi aliiacha na vipande vinne vya tumbawe vimelowekwa. Sasa vilikuwa vitatu.

"Shangazi," aliita, kwa sauti ya mtu anayejishika asiseme yote. "Nani kaingia bafuni?"

"Wote tumeingia. Nyumba ya harusi hii, ulitaka tukaogee barabarani?"

Mudathir akatoka uani. Wanawake walijaa mkekani, na katikati yao binamu yake Salma, bi harusi mwenyewe, amenyoosha miguu, amepakwa liwa usoni mpaka shingoni, anafanana na andazi linalosubiri mafuta yapate moto. Kwenye kisigino chake alikuwa ameinama Mama Nikodemu, mpangaji wa chumba cha mbele, ameshika kitu cheupe. Kinakwenda, kinarudi. Kwaru, kwaru, kwaru. Unga mweupe unadondokea kwenye beseni.

"Mama Nikodemu, naomba uache."

"Nimebakiza mguu mmoja, baba."

"Uache hivyo hivyo."

Sasa ieleweke, lile halikuwa jiwe la kusugulia miguu. Ilikuwa sehemu ya nguzo nyembamba ya tumbawe, nene kama mchi wa kinu, ambayo Mudathir na wenzake waliichimba chini ya maji kule Kimbiji mpaka macho yakawa mekundu kama ya wavuta bangi. Tumbawe la namna ile hujijenga taratibu, kila mwaka tabaka moja juu ya lingine, na kila tabaka hubaki na alama ya joto la maji ya mwaka wake. Ukilikata vizuri ukalipima maabara, linakwambia bahari ya Kimbiji ilikuwa na joto gani enzi ambazo hakuna mtu aliyewahi kutia kipimajoto pale. Kwa alivyohesabu Mudathir yale matabaka, kipande kilichokuwa mkononi mwa Mama Nikodemu kilibeba miaka yote ya Mjerumani na kionjo cha Mwingereza.

Na kilifikaje kwenye ndoo ya Bi Mwamvita? Hapo aulizwe Dokta Revelian, mkuu wa mradi. Vipande vilitakiwa kulowekwa kwenye maji ya bomba vitoe chumvi, na chuoni maji yalikuwa yamekatika. Dokta akasema kwenye simu, "Nenda navyo nyumbani, weka kwenye ndoo. Si mawe tu hayo." Mudathir akajibu, "Sawa mkuu." Alikuwa fundi wa hiyo sawa mkuu.

Lakini kwa shangazi yake ufundi huo hakuwa nao. Alianza pale pale, amesimama, kidole juu. Kwamba watu wamezamia, watu wameumwa na madudu ya baharini, halafu nyie mnakwangulia magaga. Kwamba humu ndani hakiwekwi kitu kikasalimika. Kwamba hata kuuliza tu, neno moja, mngepungukiwa nini?

"Na niliandika, shangazi. Niliandika kabisa."

"Uliandika, na mie nikasoma." Bi Mwamvita akakichukua kile kipande, akakigeuza. Kwenye ncha moja palikuwa na mshale na herufi nene za wino usiofutika: JUU. "Umeandika juu. Tukashika juu, tukasugua chini. Nikasema leo mtoto huyu kaleta zawadi ya maana, mpaka maelekezo kaweka."

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Salma alicheka mpaka liwa ikapasuka mashavuni.

"Juu ni upande wa miaka ya karibuni," alisema Mudathir, mishipa imemtoka. "Chini ndiyo ya zamani. Mmenikwangulia ya zamani, ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa naitafuta."

"Basi imeshapatikana," alisema Mama Nikodemu, akionyesha beseni.

Hakuna aliyemwambia mapema kwamba kipande kilikuwa kirefu, hakishikiki, kwa hiyo Bi Mwamvita alikuwa amekigonga na mchi kikakatika. Nusu ya chini ilianza kazi asubuhi kwa kina shangazi wengine, ikasagika ikaisha. Mudathir alikaa kwenye ngazi, akaweka vilivyobaki mapajani, akajaribu kuunganisha. Cha kwanza na cha pili vilishikana. Hicho cha Mama Nikodemu kilishika juu, lakini chini yake na cha mwisho, matabaka hayakukutana. Palikuwa na pengo. Miaka ishirini na kitu, imekwenda na maji ya beseni.

Akampigia Dokta. Mikono ilikuwa imejaa mawe, simu akailaza kwenye ngazi, sauti nje. Uani wakanyamaza, si kwa heshima, kwa umbea.

"Pole," alisema Dokta baada ya kusikia habari yote. "Sasa Jumatatu nawasilisha kwa wafadhili. Siwezi kusimama mbele za watu na mchoro wenye tundu. Kabla ya pengo joto liko wapi unajua, baada ya pengo unajua. Piga mstari katikati, maisha yaendelee."

"Lakini hatujui katikati kulikuwaje, mkuu. Labda lilipanda likashuka."

"Nani atauliza? Waliokuwepo wote wameshakufa."

"Tungerudi Kimbiji. Tumbawe lenyewe bado lipo, tukachimba tena pembeni."

"Na boti itatoka wapi? Mudathir, mkataba wako unaisha mwezi ujao, na anayependekeza nani abaki ni mimi. Usiku nataka mchoro, na usiwe na tundu. Tumeelewana?"

Mudathir akatazama yale mawe.

"Sawa mkuu."

Simu ikakatika. Mtu mmoja mkekani akaguna. Bi Mwamvita akajifunga khanga yake upya, kiunoni, ile ya kutafuta ugomvi.

"Hebu ngoja. Mie nimeisugua hiyo miaka yako bila kujua, umenisimanga tangu saa ile mpaka mate yamekukauka. Umemsema na Mama Nikodemu, mtu mzima, mpangaji wangu. Huyo anataka kuitunga, tena anajua, unamwambia sawa mkuu?"

"Ni bosi wangu, shangazi."

"Na mie nilikuwa nani, ulivyokuwa unaninyooshea kidole?"

Salma akanyoosha mguu wake wa pili, ule ambao haujaguswa, mkavu kama kiwanja cha mpira kiangazi.

"Kaka Mudi, kama unapiga huo mstari, nirudishie jiwe langu nimalizie. Maana hamlihitaji tena."

Hiyo ilimwingia. Alinyanyuka, akaingia chumbani, akafungua kompyuta mpakato kwa hasira hadi kifuniko kikalia. Mawe tu hayo. Waliokuwepo wameshakufa. Aliyesema hivyo ndiye anayesimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia sayansi ni ukweli, na yeye, Mudathir, mgomvi wa bafuni, alikuwa anakaribia kumshikia kalamu.

Akaweka takwimu za vipimo vya awali walivyokwisha kufanya kwenye vipande hivyo; ile nusu iliyosagika walikuwa bado hawajaifikia. Mstari ukatambaa kutoka miaka ya sasa kurudi nyuma, ukashuka, ukapanda kidogo, ukafika ukingoni, akauacha ukatike. Peupe. Mbele kidogo ukaanza tena. Chini ya ile nafasi nyeupe akaandika: *Sehemu hii ya tumbawe iliharibika ikiwa mikononi mwa mtafiti. Joto la miaka hii halijulikani.* Kisha hakumtumia Dokta peke yake. Aliwatumia wote wa mradi, na wafadhili wamo.

Hazikupita dakika nyingi, simu ikaita. Akatoka nayo uani, akaiweka sauti nje makusudi.

"Mstari uko wapi?" aliuliza Dokta.

"Haukuwepo, mkuu."

"Basi na jina lako halitakuwepo. Na mwezi ujao usije kunililia."

"Jina utaliondoa. Ila hilo tundu limeshaonekana."

Dokta akakata. Safari hii Mudathir hakumgeukia yeyote pale uani. Alivifunga vipande kimoja kimoja kwenye vitambaa. Kabla hajakifunga kile cha Mama Nikodemu, akachukua kalamu, na pale chini palipokwanguliwa akaandika, kwa herufi nene zaidi: SI YA MIGUU.

"Samahani, shangazi," alisema, bila kumtazama.

"Kaninunulie jiwe," alisema Bi Mwamvita. "Mwanangu hawezi kwenda kwa mumewe na mguu mmoja."

Dukani hakukuwa na jiwe. Kulikuwa na brashi za plastiki za rangi ya waridi, akanunua moja. Salma aliipokea, akaikagua, akatazama kisigino chake kilicholainika, kisha kile kingine.

"Haya," alisema. "Huku Mjerumani, huku Mchina."