Pua ya Bi Ok-bun

Bi Ok-bun aliacha kusikia harufu mwezi wa pili, baada ya homa ya siku nne. Homa ilikwenda zake, pua ikabaki kama imezibwa kwa saruji. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Ok-bun akaacha kuuliza. Alipika kwa kukumbuka tu, na mumewe Deok-su, aliyeendesha kreni bandarini Busan miaka thelathini na mmoja, alikula kila alichopakuliwa bila neno.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, taa za soko la Bupyeong zikianza kuwaka, walikwenda kununua blanketi la baridi. Ok-bun alilichagua kwa viganja. Akalibana, akalivuta pembe, akalilalia kwa shavu.

"Mama, utalichakaza kabla hujalinunua," muuzaji akamwambia.

"Nitalala nalo miaka kumi. Acha tujuane kwanza."

Mwishowe alichukua jekundu lenye maua, na kwa ubishi wake akaongezewa foronya mbili. Furushi likamwangukia Deok-su begani. Kila alipogeuka kushoto, watu wa kulia waliinama.

"Mzee, piga honi basi!" mwanamke mmoja akamkemea.

"Mama Gyu-ho," Deok-su alimwambia mkewe akihema, "njaa inaniuma. Tule."

"Kula wewe. Kwangu mimi vyote ni karatasi."

Wakapanga foleni kwa muuza vikate vitamu vya kukaanga viitwavyo hotteok, mama mnene mwenye maneno mengi, aliyekuwa akibandika madonge ya unga kwenye bamba la mafuta huku akipiga soga na mteja. Ok-bun alikuwa amempa mgongo, anatazama viatu vya duka la jirani. Ghafla akageuka, akamwita muuzaji kwa jina wanaloitwa wauzaji wanawake pale sokoni.

"Mama mdogo! Inaungua! Hiyo ya pembeni inaungua!"

Muuzaji akaigeuza. Chini ilikuwa nyeusi kama kaniki.

"Eh! Una macho makali wewe."

"Sikuiona," Ok-bun akasema. Mkono ulimpanda puani wenyewe. "Nimesikia harufu yake."

Deok-su aliliachia furushi likaanguka chini puu. "Nusa tena," akasema. "Nusa tena, Mama Gyu-ho."

Muuzaji alikuwa ameshapasua hotteok nyingine na kuijaza mbegu. Akampa. Mdalasini, sukari iliyoyeyuka, karanga za moto. Ok-bun akaanza kulia palepale, mbele za watu, mdomo umejaa.

"Kuna nini? Nimekosea wapi?" muuzaji akashtuka.

"Miezi tisa, mama," Deok-su akamjibu. "Miezi tisa hajasikia harufu hata ya kitunguu."

"Basi mwongezeeni!" mtu akasema.

"Mpeni ile iliyoungua," akadakia mwingine mwisho wa foleni, "ndiyo daktari wake!"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

Tangu hapo Ok-bun hakushikika. Alikula mikate ya samaki ya vijitini, akanywa mchuzi wake vikombe viwili. Akainamia hadi pipa la dagaa waliovundikwa, akavuta pumzi kama ananusa asumini.

"Inanuka!" akashangilia. "Baba Gyu-ho, inanuka vibaya sana! Njoo!"

"Naisikia toka huku niliko."

Ok-bun alimfuata alipo, akasogeza pua kwenye ukosi wa koti lake. Kicheko kikakatika.

"Sigara."

"Sigara ipi?"

"Ile uliyoacha mwezi wa tatu."

"Huo moshi wa soko, mke wangu."

"Deok-su."

Alipoitwa jina lake tupu, alijua amepatikana. "Mbili tu kwa siku. Pale roshani."

"Nami nakufulia mashati, najisifia mume asiyevuta!"

"Basi na mimi niseme langu. Supu yako tangu homa ile ni bahari kwa chumvi. Miezi tisa nakunywa bahari."

Ok-bun akakodoa macho. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulikuwa unanitazama usoni kila nikimeza."

Alimpiga ngumi ya bega, akampiga na ya pili, halafu akacheka. Wakaketi juu ya furushi pembeni mwa njia, mtu na mkewe, na bakuli moja la vitonge vya mchele vyenye rojo jekundu. Pilipili ikampanda Ok-bun kichwani, akapiga chafya tatu mfululizo, machozi yanamtiririka, akainua bakuli tupu kumwonyesha muuza vitonge.

"Mama mdogo! Lingine, na usinionee huruma kwa pilipili!"